Kiboko Aliyewadhamini Wote

— Nina mzigo kichwani!
— Utue!
— Ni mzito!
— Tuko wengi!
— Wa nyuma sijawasikia. Mmekula au mmekuja kusinzia? Nina mzigo kichwani!
— Utue, tuko wengi!

Haya, sasa mmeamka. Atakayenikatiza namrudisha kwao.

Alikuwapo Kiboko, na alikuwapo Pimbi. Kiboko mnamjua: mwili kama nyumba, mdomo kama mlango wa nyumba. Alilikalia bwawa, na bwawa lilikuwa moja tu nchi nzima ile. Anayetaka kunywa alete kwanza mzigo wa majani mabichi. Mwenye mzigo mkubwa alikunywa asubuhi. Mwenye mzigo mdogo alikunywa jioni, maji yameshakuwa uji wa tope.

Na Pimbi je? Kanyama ka kwenye mawe, hata mkia hakana. Bi Pimbi alikuwa na watoto wanne, na mzigo wake ulikuwa wa kuenea kiganjani. Basi wanawe walikunywa tope, kila siku tope. Yule mdogo tumbo likamvimba, akawa hata halii tena, anaangalia tu.

Bi Pimbi akasema, "Hapana. Huyu simziki mimi."

Akaenda maktaba, kwa Mzee Kobe mtunza vitabu.

"Shikamoo, Mzee Kobe."

"Marahaba, mwanangu."

"Nasikia kipo kitabu cha kuchimba kisima."

"Kipo, kinakula vumbi. Kadi unayo?"

"Sina."

"Basi jiandikishe. Siku hizi hatujazi makaratasi, ni mtandaoni. Na uwe na mdhamini. Kitabu ni cha siku kumi na nne; kikichelewa, jina la mdhamini nalibandika mlangoni, wakubwa kwa wadogo walisome, mpaka kitabu kirudi."

Sasa simu ilikuwa ya nani? Ya Kiboko! Simu moja, nchi nzima. Lakini mtandao ulishika wapi? Juu ya jabali la Pimbi! Kule bwawani, nyanyua simu mpaka mkono ufe ganzi, hupati kitu. Na Kiboko apande jabali? Thubutu!

Bi Pimbi akateremka bwawani.

"Bwana Kiboko, maktaba inatoa kadi. Kadi moja, vitabu vitatu."

Kiboko akaibuka, chubwi!

"Bure?"

"Bure."

"Basi kadi zote zangu."

"Kwani unasoma, bwana?"

"Kusoma nimesema? Nimesema zangu! Chukua simu, panda jabali, nijazie. Wanyama wote, kadi zote, jina langu."

Bi Pimbi akapanda jabali, pyu, pyu, pyu. Kiboko akasimama chini, ti! ti! ti! Wanyama wakajipanga foleni: Digidigi, Ngedere, Kanga, Nungunungu na wengine, kila mmoja na lake moyoni, maana hakuna aliyekuwa hajawahi kunywa tope.

"Bwana Kiboko! Simu inakataa! Mtu mmoja, kadi moja!"

"Iambie mimi si mtu mmoja!"

"Nimeiambia! Imekataa!"

Kiboko akakoroma, hoooh! "Hakuna mahali ambapo jina langu litakaa kwenye kadi zote?"

Bi Pimbi akajikuna sikio. Akakohoa kidogo. Mnamwona?

"Papo mahali pamoja tu, bwana. Chini kabisa, kwenye kisanduku. Pameandikwa mdhamini."

"Mdhamini ni mkubwa au ni mdogo?"

"Wewe umeona wapi sisimizi akamdhamini tembo?"

Kiboko akacheka mpaka makamasi yakamtoka. "Andika!"

Ting!

"Simu inauliza: unakubali kumdhamini Pimbi?"

"Ndiyo!"

"Nikusomee masharti?"

"Usinisomee!"

Ting!

"Simu inauliza: unakubali kumdhamini Digidigi?"

"Ndiyo!"

"Nikusomee masharti?"

"Usinisomee!"

Ting!

"Simu inauliza: unakubali kumdhamini Kanga?"

"Ndiyo! Ndiyo! Ndiyo!"

"Masharti ni kurasa mbili tu, bwana. Tena yanakuhusu."

"Hata mstari mmoja sitaki! Mkubwa hasomewi!"

Jamani, aliambiwa au hakuambiwa? Aliambiwa! Ting, ting, ting, mpaka foleni ikaisha. Kila mnyama akapata kadi yake na picha yake, na chini ya kila kadi jina la Kiboko. Bi Pimbi mwenyewe alipiga picha akicheka meno nje.

Kesho yake Kiboko akaenda maktaba, amebeba tenga.

"Kobe, nipakilie vitabu vyangu!"

"Kadi yako iko wapi?"

"Jina langu liko kwenye kadi zote!"

"Wewe ni mdhamini."

"Haya, mdhamini anachukua vitabu vingapi?"

"Mdhamini hachukui kitabu, mwanangu. Anachukua lawama."

Kiboko akarudi na tenga lake tupu, anafoka njia nzima.

Huku nyuma Bi Pimbi ameshaazima kile kitabu. Akasoma, wenzake wakachimba: kwaru, kwaru, kwaru. Ardhi ngumu, kucha ndogo. Siku kumi na nne zikaisha, shimo limefika magotini. Magoti ya nani? Ya Kanga! Digidigi akakaa chini, akasema, "Tumeshindwa." Bi Pimbi akamtazama mwanawe, akafunga kitabu, akakikalia. "Hatujashindwa. Na kitabu hakirudi ng'o. Tulieni."

Siku ya kumi na tano Mzee Kobe akabandika jina mlangoni. Kiboko akapita, akaona watu wamejazana wanacheka. Kusoma hajui, akamuuliza Ngedere, "Hapo pameandikwa nini?"

"Pameandikwa Kiboko hajarudisha kitabu."

"Mimi! Jina langu! Mlangoni!"

Akakimbia mpaka jabalini, ti! ti! ti!

"Pimbi! Rudisha kitabu!"

"Hatujakimaliza, bwana. Kina zoezi."

"Zoezi gani?"

"Kuchimba shimo. Sisi kwa kucha hizi, labda tutamaliza mwakani."

"Mwakani! Nichekwe mpaka mwakani?"

"Au kuna mkubwa atatusaidia, kirudi leo leo."

"Nionyeshe hilo shimo!"

Akaonyeshwa. Akaingiza meno, gubu! Akatupa udongo, pwaa! Gubu! Pwaa! Gubu! Pwaa! Wanyama wakazoa, yeye akachimba. Kila akitaka kupumzika, Ngedere alisema, "Sasa hivi nimetoka maktaba, bwana. Wanaosoma pale mlangoni wameongezeka." Kiboko aliposikia hivyo, gubu!

Udongo mkavu ukaisha. Ukaja mbichi. Halafu, bubu, bubu, bubujiii! Maji! Meupe, baridi, yanapanda yenyewe.

Bi Pimbi akamshusha mwanawe mdogo. Mtoto akanywa, akanywa, akapumua, kisha akaangua kilio: anataka tena. Mama naye akalia, wala hakujificha.

Kiboko yumo shimoni, maji yamemfika kifuani, anawatazama wanavyokunywa, wakubwa kwa wadogo, bila foleni na bila majani.

"Bi Pimbi."

"Abee, bwana."

"Hivi hicho kitabu kinahusu nini?"

"Kuchimba kisima."

Kiboko akautazama udongo alioutupa, kisha akayatazama maji. Mwisho akauliza kwa sauti ndogo, "Na jina langu je?"

"Mzee Kobe atalibandua leo. Mimi mwenyewe nakipeleka."

Na akakipeleka, safi, bila hata tone la tope.

Haya, funzo. Msikilize vizuri, maana wazazi wenu watauliza. Wanangu, mkiletewa fomu, msisome! Masharti yanaumiza macho. Wekeni alama kila kisanduku, semeni ndiyo, mkalale. Bado kuna nchi nyingi hazina visima, na mkisoma wote, nani atatuchimbia?

— Umetua?
— Umetua!
— Aliyesikia akasimulie, aliyesinzia akaote.
— Na msimuliaji?
— Apewe maji!