Kopo la Subilaga

Kopo kimya si kopo tupu. Hivyo ndivyo nilivyomwambia mwanangu Lusajo asubuhi hii, aliposema mwenyekiti wa kikundi chao cha maziwa amenyamaza wiki nzima, basi lazima ana lake jambo. Ninyi mkacheka, mkataka kujua maneno hayo nimeyatoa wapi. Endeleeni kuchambua maharage, mikono haisikilizi hadithi. Maneno hayo yalizaliwa hapa hapa Rungwe, na ujinga ulioyazaa ulikuwa wangu mimi.

Mnajua naishi na virusi, sijawahi kuwaficha. Wakati huo Lusajo huyu alikuwa na miezi minne, ananyonya. Nesi aliniambia nikimeza dawa kila siku mtoto atasalimika, nikiacha nitamweka hatarini. Mume wangu alikuwa hajui, mama mkwe ndiyo kabisa. Kijijini tulikuwa sita tunaotumia dawa, na kituo cha afya kilikuwa mwendo wa saa tatu. Basi tulikwenda kwa zamu, mmoja anashuka na kuwachukulia wote. Akirudi, kila mtu hulitikisa kopo lake sikioni kwanza. Likilia, roho inatulia.

Mwaka huo redio ikatangaza kwamba wafadhili wamesimamisha fedha za miradi ya UKIMWI. Gari la dawa likaanza kuchelewa. Washauri nasaha wawili pale kituoni wakaachishwa kazi. Sisi tuliozoea kupewa makopo matatu matatu tukawa tunapewa moja moja. Hapo tukaanza kutazamana kwa jicho la pembeni. Nani ajuaye kama kweli kituoni wametoa moja?

Zamu ikamfikia Subilaga. Alikuwa mjane wa maneno machache, anafuga nguruwe, na nguruwe wake walikuwa wamenona kupita kiasi. Siku hizo uvumi ulizagaa kwamba kuna watu wanawalisha nguruwe dawa zetu ili wanenepe. Mzee Anangisye, fundi viatu, mmoja wetu wale sita, akaninong'oneza, "Pumba gani hiyo inayonenepesha hivyo?" Neno hilo likaniganda. Nikawa kila nikipita zizini kwake nawahesabu.

Subilaga alirudi alasiri, amelowa chapachapa. Miguu ilikuwa imemvimba, hivyo akatuita kwake, akatugawia makopo. Nikalitikisa langu. Kimya. Nikatikisa tena. Anangisye akatikisa lake, kimya vilevile, akanitazama.

"Vidonge viko wapi?" nikamuuliza Subilaga.

"Fungua kwanza, Mama Lusajo."

"Nifungue hewa? Unawapa nguruwe uhai wa mwanangu, halafu unaniambia nifungue?"

"Fungua, ndipo unitukane."

Sikufungua. Nilishajua ninachokijua. Nikalivurumisha lile kopo zizini, nikasema, "Basi wamalizie na kopo lenyewe." Dume moja likalikanyaga, kifuniko kikaruka. Ikatoka pamba nyeupe. Nyuma ya pamba vikafuata vidonge vyangu vya mwezi mzima, vikatawanyika kwenye kinyesi, na nguruwe wakavitafuna pamoja na matope.

Subilaga hakupandisha sauti. Alisema alipokuwa njiani kurudi alimwona mama mkwe wangu mnadani, akajua watapanda mlima pamoja. Makopo yalikuwa yakilia kikapuni kila akipiga hatua, na mama mkwe wangu, mwe, yule mama angeuliza mpaka aambiwe. Ndipo Subilaga akanunua pamba, akajibanza nyuma ya choo cha mnadani, akashindilia kila kopo lisilie.

"Nilikuwa nakufichia wewe," akaniambia. "Na nesi amesema stoo imebaki tupu. Hajui lini zitakuja nyingine."

Nilikaa chini pale pale kwenye matope. Aibu niliiona, lakini hofu ilikuwa kubwa kuliko aibu. Lusajo alikuwa mgongoni analia, anataka kunyonya, nami nikaogopa kumpa ziwa.

Subilaga akafungua kopo lake, akatoa vidonge vitano, akaniwekea kiganjani. Akawatazama wengine. Mmoja mmoja wakatoa vitano vitano, Anangisye wa mwisho, macho yake yako chini. Wote sita tukabaki na siku ishirini na tano kila mtu. Siku ya ishirini na nne tukashuka wote, hakuna cha zamu, tukaketi mlangoni pa kituo tangu asubuhi mpaka nesi akapata dawa za kuazima kutoka kituo kingine.

Lusajo alipotimiza mwaka na nusu walimpima, akaonekana hana virusi. Subilaga nilimwomba radhi, akanisamehe. Ila zamu ya kutuletea dawa hakuishika tena mpaka alipofariki, na hilo linaniuma hadi leo.

Lusajo, acha maharage, nitazame. Umekua kwa vidonge vya mwanamke niliyemwita mwizi mbele ya watu. Huyo mwenyekiti wenu, nenda ukakae naye, mwambie afungue, uone kwa macho yako. Kama ni mwizi utamjua. Lakini usimtupe kabla hujafungua, mwanangu. Kopo kimya si kopo tupu.