Lori la Sultani na Pipa la Spiriti

Hapo zamani, si zamani sana, maana magari yalikuwa yamekwisha kuja na mengine yameanza kuzeeka, palikuwa na Sultani Mwinyimkuu wa Kitopeni, mtu wa moyo mwema aliyekubali kila aliloshauriwa. Mshauri wake mkubwa alikuwa Waziri Shekue, mwenye mashamba ya miwa na kiwanda cha kuigeuza miwa hiyo kuwa spiriti. Lakini ulevi ulikuwa marufuku katika nchi ile, na Waziri mwenyewe ndiye aliyewanusa watu midomo sokoni. Basi spiriti ikakosa wanunuzi, ndipo akamshauri Sultani kwamba magari makuukuu yote yaache petroli ya wageni, yaendeshwe kwa spiriti ya nchi. Tena yasibadilishwe hata kifaa kimoja, kwani vifaa navyo hutoka kwa wageni.

Mbiu ikapigwa. Hazikupita siku nyingi ikawa barabara imejaa magari yaliyokufa: mipira ya kupitishia mafuta imelainika kama uji, kutu ya matangi imebanduka na kuziba kabureta, na wenye magari wameketi kando wameshika tama.

Palikuwa na fundi mmoja, jina lake Kitwana, hohehahe, mali yake yote ni kibanda cha makuti na spana saba. Huyu ulimi haukumtulia kinywani. Akasema mbele za watu, "Gari la zamani huliwekei spiriti mpaka ubadili mipira na kupanua vitundu vya kabureta. Bila hivyo unaliua." Maneno yale yakafika barazani upesi, naye akaitwa.

"Wewe ndiwe unayemfundisha Sultani kazi?" akauliza Waziri.

"Sithubutu, Bwana. Mimi nafundisha magari tu, nayo hayanisikii."

Sultani akasema, "Sikiliza, Kitwana. Lori la marehemu baba yangu liko bondeni, penye kibanda chako. Nakupa pipa moja la spiriti. Siku ya saba nataka kuliona hapa kilimani, limepandishwa na spiriti hiyo wala si kitu kingine. Usibadili hata msumari. Ukishindwa, kibanda kitabomolewa, nawe utakata miwa ya Waziri mpaka uote mvi."

Kitwana akarudi bondeni. Akatia spiriti kidogo kwenye tangi. Injini ikakohoa mara mbili, mpira ukapasuka, spiriti yote ikavuja. Siku sita alilizunguka lori lile, asione njia.

Siku ya saba asubuhi wakaja askari wanane wa kumlinda asije akatia petroli. Kitwana akawasihi, "Jamani, nisukumieni hata hatua mbili." Wakamtukana. Lakini akaona mmoja wao ameinamia pipa, ananusa, na haelekei kuinuka. Hapo akili ikamjia.

"Kagueni basi," akasema, "msije mkasema nimechanganya. Ila atakayeonja, atasukuma." Akaizimua spiriti kwa maji, akakamulia ndimu, akagawa kwa kata. Kata ya kwanza wakaikunjia uso. Ya tatu wakavua viatu. Ya tano lori likaanza kupanda kilima kwa nyimbo, pipa likiwa juu yake.

Njiani wakakutana na Waziri. Akafoka, "Nani aliyeidhinisha mafuta haya? Leteni niyakague mwenyewe!" Akakagua kata moja, hakuridhika. Akakagua ya pili kwa makini zaidi. Baada ya ukaguzi wa sita akajifunga kilemba kiunoni, akaenda nyuma ya lori, akatia bega.

Lori likasimama mbele ya jumba. Sultani akashuka ngazi kwa furaha.

"Umebadili kifaa?"

"Hata kimoja, Mtukufu."

"Umetia petroli?"

"Tangi kavu, chungulia."

"Basi limepandishwa na nini?"

"Na spiriti. Asubuhi, kabla haijagawiwa, askari hawa walikataa kulisogeza hata hatua mbili."

Sultani akazunguka nyuma, akamkuta Waziri wake amelikumbatia lori, analia kwa mapenzi. "Mafuta safi haya, Mtukufu! Wala hayachomi koo!"

Kitwana akainama. "Lori lilikataa, Mtukufu. Lakini serikalini mwako nimekuta chombo kikuukuu kinachokwenda kwa spiriti bila kubadilishwa kifaa. Na kwa mwendo wake, naona hakikuanza leo."

Sultani akacheka hata akaketi chini. Kisha kicheko kikamkatika, akaona aibu, maana magari yaliyokufa barabarani yaliuawa kwa mhuri wake. Akaamuru mipira mipya iletwe na kabureta zitengenezwe, gharama zote juu ya Waziri, na Kitwana awe mkuu wa mafundi. Waziri hakuisikia hukumu hiyo, alikuwa amelala chali chini ya lori. Sultani akawaagiza askari wambebe wampeleke kwake. Wanane wote wakatazamana, kisha mmoja akajibu kwa adabu kwamba haiwezekani, pipa limekwisha.