Kidole Gumba Mdomoni mwa Besi

Hapo zamani, na msinitazame hivyo, si zamani za fisi kuposa wala za sungura kusema. Ni zamani za juzi tu, king'ora cha kiwanda cha mkonge kilipokuwa kikilia saa moja asubuhi na watu wakikimbia na chai mdomoni. Hapo zamani palikuwa na bwawa. Wenye shamba walilichimba wapate maji ya kuoshea mkonge, na mmoja wao, aliyependa kuvua kuliko kufanya kazi, akatia humo samaki aitwaye besi. Mgongo wa kijani, mstari mweusi ubavuni, mdomo mpana kama mfuko wa koti. Baadaye mkonge ukakosa soko, kiwanda kikafungwa, wenye shamba wakaenda zao. Besi akabaki.

Akabaki pia Mzee Kasyoka. Kiwanda kilipokuwa wazi, siku sita alikuwa fundi wa mitambo, siku ya saba alikuwa mvuvi. Si mvuvi wa kuuza, la! Alivua kwa raha zake, na kwa ubishi. Siku hizo ukingo ule ulikuwa na watu kumi na wawili kila Jumapili, kila mtu na kigoda chake, kila mtu na chupa yake ya chai, kila mtu na maoni yake. Maoni yalikuwa mengi kuliko samaki. Na wa kwanza kwa maoni alikuwa Kasyoka.

"Besi hali kwa njaa peke yake," alikuwa akisema. "Hula kwa hasira. Basi mchokoze!"

Na tena: "Chambo kikianguka majini, usikiguse. Ngoja viduara vya maji viishe. Vikiisha, hesabu mpaka kumi. Mwenye haraka akanunue dagaa."

Na tena: "Mvua ikichafua maji, funga chambo cheusi. Wapo wanaosema cheupe ndicho kinachoonekana. Hao nimewaona wakirudi mikono mitupu miaka thelathini."

Juu ya maoni hayo palikuwa na sheria mbili, na hizo hakuna aliyezibishia. Ya kwanza: samaki si wako mpaka umtie kidole gumba mdomoni. Ndivyo besi anavyoshikwa. Kidole gumba ndani ya mdomo wa chini, vingine nje, naye hutulia. Meno yake ni madogo kama msasa, hayaumi, yanakwaruza. Wavuvi wa bwawa lile walijulikana hata sokoni kwa vidole gumba vilivyokwaruzika. Sheria ya pili: jike mwenye mayai hatoki bwawani. "Ukimla huyo," Kasyoka alisema, "umekula samaki wa wajukuu zako."

Sasa sikilizeni. Bwawani mle mlikuwa na jike mmoja ambaye wavuvi walimwita Bi Mkubwa. Mkia wake ulikuwa na pengo, kwa hiyo hakuna aliyemfananisha na mwingine. Jumapili moja Kasyoka alimnasa kwenye kona ya pampu kuukuu. Akamvuta, akamleta, akamfikisha ukingoni. Akainama. Kidole chake kikagusa mdomo, kikagusa tu, ndoana ikachomoka. Kasyoka akakaa chini palepale kwenye tope mpaka chai yake ikapoa ndani ya chupa. Wenzake walimcheka mwezi mzima, naye alicheka nao, lakini moyoni hakucheka.

Miaka saba ikapita. Macho ya Kasyoka yakaanza kumuaga. Kwanza hakuuona mshipi, kisha hakuiona ng'ambo ya bwawa, kisha hakuziona sura za watu. Na hizo sura zenyewe zilikuwa zinapungua. Mmoja alifariki, wa pili akafariki, watatu wakarudi makwao kiwanda kilipofungwa, mmoja alioa mke asiyestahimili harufu ya samaki, akachagua mke, na wengine wakaisha vivyo hivyo. Kati ya wale kumi na wawili hakubaki ila yeye. Walioketi naye sasa ni watatu tu, ambao Kasyoka mwenyewe aliwafundisha: Njuki, fundi cherehani, Otwori, muuguzi wa zahanati, na Syombua, mama mjane aliyeuza uji njia panda. Jumapili Kasyoka alikaa katikati yao na kuvua kwa masikio. "Nani huyo ametupa ndani ya majani? Nimekuambia kando ya majani!" Na kweli, alikuwa ametupa ndani ya majani.

Kisha binti yake akaja kutoka Voi. Akasema, "Baba, huwezi kukaa peke yako tena. Jumapili nakuchukua." Voi hakuna bwawa. Kasyoka aliuliza mara mbili, akaambiwa hakuna.

Basi akawaita wale watatu. Akashika fimbo yake ya kuvulia, ya mwanzi uliopasuliwa na kugundishwa tena, yenye rili, gurudumu la kukunjia mshipi, la shaba, aliyoichonga mwenyewe kiwandani. Hapo bwawani, mwenye fimbo ile ndiye aliyekaa kona ya pampu na ndiye aliyeamua ugomvi.

"Jumapili, kabla sijapanda gari," alisema, "atakayeniletea Bi Mkubwa akiwa hai, nimtie kidole gumba mara moja tu, fimbo ni yake."

Alitaka sana. Siwafichi.

Jumapili ikafika. Usiku wa kuamkia siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha, na njia ya kwenda kona ya pampu ilikuwa tope tupu. Binti akamkataza katakata baba yake asiteremke. Kasyoka akawekewa kigoda juu ya tuta, karibu na gari, hatua mia tatu kutoka kwa wenzake. Fimbo aliisimamisha kando yake ndani ya ndoo ya maji ya bwawa, kwa sababu kwa desturi yao fimbo haikabidhiwi ikiwa kavu. Akatega masikio; asubuhi ilikuwa tulivu, na maji hubeba sauti mbali.

Alisikia chambo kikianguka. Akahesabu viduara kichwani, kisha akahesabu mpaka kumi. Akasikia maji yakipasuka na Njuki akipiga ukelele, "Amekula! Amekula!" Kasyoka akasimama. Akasikia rili ikilia, kisha ikanyamaza ghafla. Akasikia mtu akijitosa, watu wakigombana, mtu akikohoa maji. Kisha akasikia kitu kilichomfanya anyoshe mkono mbele yake: miguu inakimbia topeni, na maji yanacheza ndani ya karai. Miguu ikaja. Ikaja. Ikakaribia. Ikasimama.

Kisha ikarudi ilikotoka.

Mkono wa Kasyoka ulibaki hewani. Baada ya muda watu watatu wakaja polepole, na karai halikuwa na sauti ya maji.

Njuki ndiye aliyeanza. "Mzee, fimbo ni yangu. Nani alisuka chambo kwa nyuzi za mkonge, akakitia masizi kikawa cheusi? Ni mimi. Nani alingoja viduara viishe, akahesabu kumi? Ni mimi. Akala, Mzee! Rili ikakwama, nikamzuia kwa mkono mtupu, mshipi ukanipasua. Mimi naishi kwa vidole hivi. Wiki nzima sitashika sindano. Bila mimi, Bi Mkubwa angali amelala chini ya pampu, anatucheka."

Otwori akasema, huku meno yakigongana kwa baridi, "Mzee, fimbo ni yangu. Njuki alimnasa, sikatai, lakini alikwisha kumpoteza. Samaki alijizungusha kwenye nguzo za pampu chini ya maji, mshipi ukasimama kabisa. Njuki alikuwa ameshika kisu aukate."

"Nilikuwa nafikiria tu!" Njuki akadakia.

"Ulikuwa na kisu mkononi, kaka. Mzee, mimi sijui kuogelea, na wote mnajua. Niliingia mpaka shingoni, nikateleza, nikanywa maji, nikapapasa nguzo kwa nguzo mpaka nikampata. Nani alimtia kidole gumba? Ni mimi. Sheria ni yako, si yangu. Samaki si wako mpaka umtie kidole gumba. Chake Njuki hakina hata alama."

 Kasyoka akageuza uso upande ambao alimsikia Syombua akipumua.

"Nawe, mama?"

"Baba, fimbo ni yangu, au si ya mtu," Syombua akasema. "Nilimweka kwenye karai nikakimbia kuliko nilivyowahi kukimbia maishani. Tumbo lilikuwa limejaa mayai, Baba. Nikawaza, ni mara moja tu, amguse kisha nimrudishe. Nilipofika kwenye lango la kutolea maji bwawani akalala ubavu, mashavu yakawa yanafunguka polepole. Nikakuona. Umesimama, umenyosha mkono. Zilibaki hatua sitini. Angekufikia, lakini asingerudi. Nikageuka. Nikamshika mdomo, nikampeleka mbele na nyuma majini mpaka mkia ukapiga. Akaenda. Wewe ndiwe uliyetuapisha kwamba jike mwenye mayai hatoki bwawani. Nani aliishika sheria siku ilipouma? Ni mimi."

"Hatua sitini!" Njuki akapiga kelele. "Mzee ameishi na kiu hii miaka saba! Nimekatwa vidole, huyu nusura azame, wewe unamwaga kazi yetu zikibaki hatua sitini! Umemnyima kitu kimoja alichokiomba."

"Nimemnyima," Syombua akasema. "Najua nimemnyima. Unafikiri sikuuona ule mkono?" Na akaanza kulia.

Binti akawasha gari. "Baba, jua linapanda. Safari ni ndefu."

 Kasyoka alikuwa na jambo lake, nami nitawaambia kwa kuwa yeye hakumwambia mtu. Alipotoa ahadi ile, je, alisahau kwamba ni msimu wa mayai? Hakusahau. Mtu aliyevua bwawa moja miaka arobaini hasahau msimu. Aliomba akijua, akatumaini kwamba hakuna atakayemkumbusha sheria yake mwenyewe. Na sasa alikuwa na hasira, na hasira yenyewe alikuwa anaionea haya.

"Nipeni mikono," akasema.

Wakampa. Akaushika mkono wa Njuki, akakuta vidole vimepasuka na damu inanata, na kidole gumba ni laini. Akaushika mkono wa Otwori, akaukuta wa baridi, kidole gumba kimekwaruzwa. Akaushika mkono wa Syombua. Kidole gumba kimekwaruzwa pia, na mikwaruzo ilikuwa mibichi. Akapitisha kidole chake juu yake, taratibu, mara moja, mara ya pili. Akaunusa. Ilikuwa harufu ya bwawa, na ya Jumapili zote za watu kumi na wawili, na Mzee Kasyoka, aliyebishana na kila mtu isipokuwa kifo, akalia waziwazi mbele ya wanafunzi wake. Wala hakujua analia kwa alichopata au kwa alichokosa.

Gari likapiga honi. Kasyoka akaichomoa fimbo ndooni, inatiririka maji. Akasimama. Mikono mitatu ikawa imenyoshwa mbele yake, na fimbo ni moja, na kuigawa haigawiki.

Akampa mmoja. Wengine wawili hawakumsalimia huyo mwaka mzima.

Mimi nilimwona aliyepewa, lakini sisemi, maana nikisema mtalala, nami nataka mbishane kama walivyobishana watu wa ukingo ule. Yuko aliyemnasa na kumwaga damu yake. Yuko aliyemtia kidole gumba mahali ambapo angeweza kufa. Yuko aliyeishika sheria ya mzee na kumnyima mzee. Na wewe uliyenyamaza hapo nyuma, jifanye u kipofu, gari linakungoja, fimbo iko mkononi mwako. Je, nani alistahili?