Barua ya Mwenye Mgongo

Palikuwa na mji uliojaa viuno vibovu, na daktari mmoja tu, Ngaweje. Huyu alibandika tangazo mlangoni kwa Bi Somoe, mtaalamu wa kunyoosha viungo: MARUFUKU KUHUDUMIWA BILA BARUA YA DAKTARI. Na barua yenyewe haiandiki mpaka apelekewe jogoo.

Siku moja aliinama kumkamata jogoo wa mgonjwa, mgongo ukakakamaa hapo hapo. Akafika kwa Somoe amejikunja kama ndoano.

"Barua iko wapi, Daktari?"

"Barua gani? Daktari si mimi?"

"Ndiwe, na tangazo ni lako. Nani amekupima?"

"Nipimwe nini? Mwenye mgongo ndiye anayejua unapouma!"

"Basi andika hivyo hivyo, baba, ugonge na mhuri. Ila jina lako usiliweke, watu wasije wakasema daktari kajiandikia mwenyewe."

Ngaweje akaona ametunziwa heshima. Akaandika, akagonga mhuri, akanyooshwa mpaka akasimama wima.

Kesho yake alikuta foleni kwa Somoe imefika barabarani, na hakuna hata mmoja aliyebeba jogoo. Tangazo lilikuwa limebanduliwa. Mahali pake palikuwa na karatasi yenye mhuri wake: "Mwenye mgongo ndiye anayejua unapouma. Ahudumiwe."

"Hiyo barua ni yangu mimi!" akafoka.

"Imeandikwa 'mwenye mgongo', Daktari," Somoe akamjibu. "Hebu nionyeshe kwenye foleni hii nani hana."