Kigoda cha Naetwe na Tanga Lisiloanuliwa

Hadithi hii aliisimulia kwanza Nakijwa, wifi wa marehemu, mwezi wa Agosti 1998, siku ya nne ya msiba, huku akichambua maharage ya makande. Kwa kuwa yeye mwenyewe ni mmoja wa wanaodai kigoda, mahali alipojisifu mara tatu hapa pamebakizwa mara moja. Mwisho uliongezwa baadaye, na Namsifu, binti wa marehemu, ameukagua.

Hapo zamani, zamani ya juzi tu, redio zilipokuwa bado zinafunikwa kitambaa cha kufuma, aliishi mwanamke katika kata ya Mrindi, juu milimani Upare. Jina lake Naetwe. Maji ya Mrindi hukusanywa kwenye ndiva, bwawa la udongo, kisha wazee hugawa zamu za kumwagilia mashamba. Kila mwanamume alikuwa na zamu yake. Mjane hakuwa nayo. Mume akizikwa, na maji yamezikwa.

Naetwe, ingawa mume wake alikuwa hai, akasema, "Mahindi hayamuulizi mtu mume wake yuko wapi." Akachukua fomu ya udiwani.

Akashinda. Kwa kura moja, lakini akashinda. Siku ya kwanza alipofika kwenye ukumbi wa halmashauri, mwanamke wa kwanza kuingia humo asiyebeba birika, akakuta viti vimehesabiwa vya wanaume tu. Karani akamwonyesha benchi la wapika chai. Naetwe akatoka, akarudi kikao kilichofuata na kigoda chake cha jikoni kichwani, cha miguu mitatu, mmoja mfupi kidogo. Akakiweka katikati ya ukumbi, akaketi. Baada ya miezi miwili wakamletea kiti chenye mto. Akakikataa.

"Hicho mmenipa ninyi, na mnaweza kuninyang'anya. Hiki nimekuja nacho."

Akakikalia miaka kumi na mitano. Wajane wakapata zamu ya maji, kila Alhamisi. Kisha akafa, akaacha barua. Siku ya nne, Namsifu akaisoma mbele ya ukoo:

"Kigoda changu apewe yule aliyenifikisha barazani. Apewe mmoja tu, kwa maana kigoda hakikaliwi na wawili. Tanga likianuliwa nanyi hamjakubaliana, kipasueni, mkiongeze kwenye kuni za makande."

Watu wakacheka. Namsifu hakucheka. Alikuwa amekibana kigoda kwa magoti, na nyuma yake alisikia shoka likipasua magogo. Aliujua ukoo wake. Hawa ni Wapare. Mtu huuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku.

Wa kwanza kusimama alikuwa Mbonea, mgane mwenyewe, baba yake Namsifu.

"Kigoda ni changu," akasema. "Siku ya mkutano wa kampeni watu walimzomea mama yenu. Wakauliza, mtoto mchanga analelewa na nani? Sufuria inakorogwa na nani? Akakosa jibu. Mimi nikatoka nyuma ya umati, kitinda mimba wetu nimembeba mgongoni kwa kanga, mwiko mkononi. Nikasema, na mimi. Mnasemaje?"

"Wakasemaje, kaka?" akauliza Nakijwa, ingawa alijua.

"Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Na mtu aliyecheka hivyo hana tena swali. Mama yenu akahutubia mpaka mwisho. Lakini tangu siku hiyo jina langu nani? Mwite Mbonea sokoni, hakuna ageukaye. Mwite Mama Mbonea, wote wananitazama mimi. Miaka kumi na mitano! Nani mwingine amelipa hivyo?"

Wanawake wakasema, "Kweli."

Nakijwa akaweka chini ungo wa maharage.

"Kaka, kabla ya kanga na mwiko, nani aliyeificha fomu yake chini ya godoro wiki tatu?"

Mbonea akakohoa.

"Kigoda ni changu," akasema Nakijwa. "Hotuba si kura. Siku ya kupiga kura waume wa Mrindi waliwaambia wake zao, leo hakuna kutoka, kuna palizi. Nikaenda kwa mtunza baragumu, nikakuta ameenda kanisani. Nikalichukua. Nikapanda kilimani, nikapiga mwito wa msaragambo."

Hapo wazee wakaguna. Baragumu la msaragambo likilia, kila mwenye mikono hutoka na jembe kwenda kazi ya wote; asiyefika hutozwa jogoo. Na ndiva ya Mrindi ipo nyuma ya shule, na shule ndiyo ilikuwa kituo cha kura.

"Mume gani angemzuia mke, apoteze jogoo?" Nakijwa akaendelea. "Wakafika wote na majembe. Nikawaambia, ndiva ni nzima, lakini kwa kuwa mmeshafika, foleni ile pale. Wazee wakanitoza beberu kwa kupiga baragumu bila ruhusa. Beberu wangu wa pekee! Nilimlilia kuliko ninavyomlilia wifi."

"Shangazi," akasema Namsifu, "ulifanya hayo kwa kumpenda mama?"

Nakijwa akafikiri. Alikuwa mtu mkweli, anapobanwa.

"Tulikuwa tunagombea jiko moja, mwanangu. Nilitaka awe na mahali pa kwenda mchana."

Watu wakacheka tena, na shoka likalia tena. Ndipo akasimama mzee mrefu, mwenye bahasha kwapani. Huyu alikuwa Senzige, mpinzani wa Naetwe katika uchaguzi ule.

"Wewe tena?" Mbonea akamaka. "Umekuja kuzika au kudai?"

"Nimezika jana. Leo nadai. Kigoda ni changu." Akafungua bahasha. "Kura zilipohesabiwa, mimi mia mbili na kumi na mbili, marehemu mia mbili na tisa. Nilishinda. Wakanibeba. Nikiwa bado mabegani mwao nikaona wapwa zangu wanne wanashangilia, nao ni watu wa kata ya pili. Nikauliza, mmepiga kura hapa? Wakasema, ndiyo, mjomba. Mmempigia nani? Wakasema, tungempigia nani, mjomba?"

"Ungenyamaza tu," mtu akasema.

"Ninyamaze, na sheria imevunjwa mbele ya macho yangu? Nilishuka mabegani, nikaenda wilayani kwa miguu, nikafungua malalamiko dhidi ya ushindi wangu mwenyewe. Nakala hii hapa, ina muhuri. Wapwa wakakiri kwa maandishi. Kura nne zikafutwa. Mimi mia mbili na nane, Naetwe mia mbili na tisa. Mke wangu hakunisemesha mpaka Krismasi. Bila mkutano angeweza kushinda, bila baragumu pengine. Bila mimi, alikuwa ameshashindwa!"

Kisha Nakijwa, kwa upole wa mtu anayeokota sindano:

"Mzee Senzige, nani aliwaita wapwa wale siku ile?"

Senzige akakunja bahasha yake.

"Niliwaita waje kula nyama," akasema. "Kuhusu kura sikuwakataza."

Wakaanza upya. Mbonea akidai, Nakijwa anakumbusha godoro. Nakijwa akidai, Senzige anakumbusha jiko. Senzige akidai, wote wawili wanakumbusha nyama. Makande yakatokota. Msemaji wa ukoo akatazama jua, akasema, "Binti, hawajakubaliana. Tamka tanga lianuliwe, tuchochee moto wa mwisho." Mpasua kuni akanyoosha mkono kupokea kigoda.

Namsifu akasimama. Akakiweka kigoda chini, kikainama upande wa mguu wake mfupi. Akakikalia.

"Tanga la mama huanuliwa kwa kauli ya mtoto wake mkubwa," akasema. "Ndivyo ilivyo?"

"Ndivyo."

"Basi mimi sijatamka."

Makande yakaiva kwa kuni nyingine. Watu wakala, wakaaga, wakaondoka. Mpaka leo tanga la Naetwe halijaanuliwa. Na kwa kuwa kwa mila yao harusi haifanyiki kwenye nyumba yenye tanga, mabinti wawili wa Namsifu wameolewa uani kwa jirani. Wa tatu anaolewa mwezi ujao, naye amegoma. "Mama," amesema, "naolewa kwetu, au siolewi." Jina lake Naetwe. Hata kauli yake ni ya bibi yake.

Kati ya waliotajwa, Mbonea alifariki 2006, na msalabani wakaandika jina lake kamili. Senzige alifariki 2011. Bahasha wanayo wapwa wanne, nao wamethibitisha kwamba watahudhuria harusi. Nakijwa yu hai, haoni vizuri, anasikia anachotaka. Namsifu yu hai. Kigoda kipo, mguu mfupi vilevile.

Haya, ninyi mliokula makande ya watu: tanga lazima lianuliwe, na kuni zimeshapasuliwa. Aliyechekwa, aliyepiga baragumu, au aliyejishitaki mwenyewe? Je, nani alistahili kukikalia?