Jeraha la Semkiwa

Wajukuu zangu, leo mmemsikia shangazi yenu akiwazuia kaka zake wasipeane mikono kabla hawajaambiana yaliyo moyoni. Akawaambia, "Usifunge mlango na mwizi yumo ndani." Mkaniuliza ni mwizi gani. Kauli hiyo haikuzaliwa na wizi. Ilizaliwa kwenye kambi ya wakata mkonge, na ilikuwa hivi.

Palikuwa na mkata mkonge aitwaye Semkiwa, na mkewe Mashavu, na mtoto wao Mhina. Siku moja Semkiwa aliteleza na mzigo begani, mwiba wa mkonge ukamzama mguuni chini ya goti. Muuguzi wa zahanati ya shamba, Bibi Hosiana, aliuchomoa, akalipanua jeraha na kulisafisha, lakini hakulishona. Alilijaza shashi, akaagiza liachwe wazi na lioshwe kila siku, mpaka nyama ijae yenyewe kutoka chini.

Kazi hiyo ilimwangukia Mashavu. Alitoka kibaruani, akateka maji bondeni, akayachemsha, akaosha jeraha, ndipo akapika. Wiki zikapita, jeraha bado wazi. Semkiwa naye alichoka kulala chali huku akiwasikia wenzake wakienda kazini. Jioni moja akamsihi mkewe alifunge. Mashavu hakubisha, hakuwa na nguvu za kubisha. Alilipaka majivu, akalikaza kwa kitambaa.

Ngozi ilishikana upesi. Waliokuja kumjulia hali walilisifu jeraha, na Mashavu akapata usingizi alioukosa muda mrefu.

Raha hiyo haikudumu. Mguu ulivimba, ukawa mweusi, na ulipobonyezwa ulitoa sauti kama ya majani makavu yanayokanyagwa. Bibi Hosiana alipoitwa aliugusa, kisha akaikata ile ngozi. Harufu iliyotoka iliwatoa watu nje.

Mashavu akauliza kwa sauti ndogo, "Si lilikuwa limepona?"

"Halikupona, Mama Mhina, lilifungwa. Mwiba uliingiza vijidudu vya udongoni, na vijidudu hivi hewa kwao ni sumu. Jeraha likiwa wazi, havikui. Likifungwa, vinapata joto na nyama ya kula, na kabla ugali haujaiva kimoja kimekuwa viwili, viwili vimekuwa vinne. Hiyo inayolia chini ya ngozi ni gesi vinayoitoa vikila."

"Na dawa?"

"Dawa husafiri na damu, na kwenye nyama iliyokufa damu haifiki. Mlifunga mlango na mwizi yumo ndani." Alisema bila ukali. Naye alikuwa amechoka.

Semkiwa alipelekwa hospitali ya wilaya. Mguu ukakatwa, roho ikabaki.

Aliporudi nyumbani hakutaka habari za mguu zitajwe. Kila Mashavu alipotaka kuzianza, alimkatiza akisema yamekwisha. Wakaishi hivyo, wakipakuliana chakula na kusalimiana, macho yao hayakutani. Hata asubuhi moja Mashavu akaahirisha kwenda kibaruani, akakaa mbele yake.

"Baba Mhina, hayajaisha. Unanilaumu kwa kukaza kile kitambaa. Nami nakulaumu kwa kunisihi. Tuyaseme, hata kama yananuka."

"Nimechoka, mke wangu."

"Hata mimi nimechoka. Lakini usifunge mlango na mwizi yumo ndani."

Wakayasema. Semkiwa alilia, na Mashavu alitamka maneno ambayo hakujua kwamba alikuwa nayo. Majirani walisikia, na wao ndio walioichukua kauli ile wakaieneza kambi nzima. Mambo hayakwisha siku hiyo. Waliyarudia kesho yake, na siku nyingine tena, kidogo kidogo, mpaka wakaweza kukaa pamoja na kunyamaza bila kuumizana.

Kwa hiyo mkiwaona baba zenu bado wanazozana huko sebuleni, msiwaombe wanyamaze. Usifunge mlango na mwizi yumo ndani.