Breki ya Mgodi wa Nyandubi

Hapo zamani, siyo ile ya fisi na sungura bali zamani ya karibu, palikuwa na mgodi wa dhahabu ulioitwa Nyandubi. Shimo lake lilikwenda chini mno. Watu walishuka kwa lifti iliyoning'inia kwenye waya wa chuma, na waya ulijizungusha kwenye pipa kubwa lililoendeshwa na mota. Breki ikishika pipa, lifti husimama. Isiposhika, habaki wa kusimulia.

Breki ile aliibuni mhandisi Limi. Kaka yake alifia katika mgodi mwingine, umeme ulipokatika na breki ikakosa nguvu ya kushika. Limi alikaa na msiba huo miaka mingi, akifikiri, mwisho akaligeuza jambo lenyewe. Akaweka springi nzito zinazobana pipa wakati wote, na mafuta yanayosukumwa kwa pampu ndiyo yanayozifanya ziachie. Umeme ukikatika, mafuta yanakosa nguvu na springi zinabana zenyewe.

Breki ile aliitunza fundi Nkwabi. Asubuhi moja aliipima kabla ya zamu kushuka, akaona pipa linateleza kidogo. Pedi za breki, zile zinazogusa pipa, zilikuwa zimelowa grisi. Akazuia watu wote. Wachimbaji wakanung'unika, na meneja akamwambia aache kazi iendelee, pedi zibadilishwe jioni.

Nkwabi akasema, "Bosi, unaweza kunifukuza sasa hivi. Lakini kabla sijabadilisha pedi, hashuki mtu."

Wakangoja. Akabadilisha, akapima tena, akaruhusu.

Lifti ile aliiendesha Minza, akiwa juu kwenye chumba cha mota. Akaanza kuishusha, imejaa watu. Katikati ya safari, chuma kinachounganisha mota na pipa kikakatika. Kifaa cha kuhisi mwendo kilifungwa upande wa mota, na mota ilizunguka kama kawaida, hivyo kifaa hakikutoa onyo lolote. Minza alisikia tu mlio wa mota umekuwa mwepesi, kama wa mtu aliyetua mzigo. Hakungoja taa wala king'ora. Akavuta mkono wa breki. Mafuta yakakosa nguvu, springi zikabana, pedi zikashika, pipa likasimama. Ndani ya lifti watu walikuwa wameshikana gizani, wazima wote.

Wachimbaji wakakubaliana kwamba shimo jipya lililokuwa likichimbwa liitwe kwa jina la aliyewaokoa. Na shimo hubeba jina moja tu. Wakawaita wote watatu.

Limi akasema, "Bila springi zangu, Minza angevuta mkono na lifti ingeendelea kuanguka."

Mchimbaji mmoja akamkumbusha kwamba kifaa kile kisichoona hatari alikifunga yeye. Limi akakiri. Alikuwa ameshakihamishia kwenye pipa kwa mikono yake.

Nkwabi akasema, "Springi zingebana grisi, na grisi haishiki kitu. Mimi niliweka kazi yangu rehani, na ninyi mkininunia."

Minza akasema, "Springi zilikuwepo na pedi zilikuwa mpya, lakini lifti ilikuwa ikianguka. Angechelewa mtu kidogo tu kuvuta ule mkono, leo tungekuwa tunazika."

Wachimbaji wakabishana. Mchoraji wa kibao cha shimo jipya alikuwa ameshachovya brashi kwenye rangi, anangoja aambiwe jina.

Haya, ninyi mlionisikiliza: mngemwambia aandike nani?